Maji Meusi, Meli Nyeupe: Namna Rada ya Angani Inavyosaidia Ulaya Katika Maafa na Usalama

Mwanzoni mwa Septemba 2023 tufani iliyopewa jina la Daniel iliipiga Ugiriki ya kati, na tarehe 5 pekee kipimo cha mvua cha Zagora, kijiji kilicho kwenye mteremko wa Mlima Pelion, kilionyesha milimita 754. Maji yaliteremka hadi uwanda wa Thessaly, unaotegemewa na nchi hiyo kwa ngano na pamba, yakavizamisha vijiji kama Palamas na Metamorfosi, na wakazi wakapanda juu ya mapaa kusubiri kuokolewa. Wingu likiwa zito kiasi kile, kamera ya kawaida ya satelaiti huona mgongo wa wingu tu. Hapo ndipo rada inapohitajika.

Satelaiti ya Sentinel-1, iliyo chini ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, hupita kwenye kimo cha takriban kilomita 693 ikirusha kwa ubavu mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 5.5 hivi, kisha hupokea mwangwi unaorudi, usiku na mchana, mawingu yawepo au yasiwepo. Shamba lenye mabua na mabonge ya udongo hulitawanya wimbi kila upande, na sehemu yake humrudia aliyelituma. Lakini maji yaliyotulia ni kama kioo kilicholazwa chini, hulielekeza wimbi upande wa pili, na kwa kuwa hakuna kinachorudi, mahali hapo hutokea peusi kwenye picha. Msomaji wa picha huilinganisha ya leo na ya kabla ya mvua, akatafuta weusi uliozidi. Kazi hiyo ina mitego yake: njia ya kurukia ndege nayo ni laini, hivyo huonekana nyeusi ingawa ni kavu, upepo ukiyatibua maji, weusi hufifia, na mjini, wimbi likigonga maji na kisha ukuta wa nyumba, hurudi kwa nguvu, hata mtaa uliofurika ukang'aa kuliko mtaa mkavu. Kwa sababu hiyo hatuichukui rangi nyeusi peke yake kuwa ushahidi wa mafuriko.

Tangu Aprili 2012 Copernicus ina huduma ya ramani za dharura inayofanya kazi saa zote. Mamlaka ya ulinzi wa raia ya nchi iliyopatwa huiomba kupitia kituo cha uratibu wa dharura cha Umoja wa Ulaya kilichoko Brussels, satelaiti huelekezwa, na wataalamu huchora mipaka ya maji, barabara zilizokatika na majengo yaliyoharibika. Katika uwanda wa Thessaly, ambako maji yalituama kwa majuma, picha za satelaiti zilionyesha zaidi ya kilomita za mraba 700 zilizofunikwa, likiwamo eneo la Ziwa Karla, ambalo lilikaushwa mwaka 1962 ili kupata mashamba. Ziwa lile lilirudi lilikokuwa.

Thessaly, hata hivyo, ni uwanda. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021, mto Ahr nchini Ujerumani ulifurika katika bonde jembamba lenye kuta za mwinuko, na maji yalipanda kwa saa chache tu. Satelaiti hupita kwa ratiba ya njia yake, haiwezi kusimama juu ya mto kuusubiri ujae, na vilima navyo hulikinga bonde na mawimbi ya rada. Ujerumani ilipoteza watu zaidi ya 180 katika mafuriko ya mwezi ule, wengi wao katika bonde hilo la Ahr. Mfumo wa Ulaya wa tahadhari ya mafuriko ulikuwa umeanza kuzitumia mamlaka za kitaifa maonyo kuhusu bonde kubwa la mto Rhine, ambao Ahr humwaga maji yake humo, tangu tarehe 10, lakini onyo la bonde zima halimwambii mkazi wa kijiji kimoja kwamba nyumba yake ndiyo itakayozama. Kwa maoni yangu, pengo hilo kati ya onyo na mlango wa mkazi linastahili fedha na bidii nyingi kuliko hata satelaiti mpya, nami nasema hivyo nikiwa mtu ninayezitegemea satelaiti hizo kila siku.

Baharini mambo hugeuka, kwa sababu bahari ndiyo nyeusi na kinachotafutwa ni kile kinachong'aa. Chuma cha meli, chenye kona na kuta nyingi, hurudisha mwangwi mkali, hivyo meli huonekana kama punje nyeupe. Mafuta yaliyomwagika hulainisha viwimbi na kuacha mchirizi mweusi zaidi ya maji yanayouzunguka, na wakala wa usalama wa bahari wa Umoja wa Ulaya, wenye makao yake Lisbon, umekuwa ukiifuatilia michirizi hiyo tangu 2007. Kituo cha Satelaiti cha Umoja wa Ulaya, kilichoko Torrejón de Ardoz karibu na Madrid, huchambua picha kwa ajili ya operesheni kama Irini, iliyoanza 2020 kusimamia vikwazo vya silaha dhidi ya Libya, na Atalanta, inayopambana na uharamia katika pwani ya Somalia tangu 2008, yaani katika bahari ileile ya mabaharia wetu wa Lamu na Mombasa.

Punje nyeupe hulinganishwa na AIS, mfumo ambao kwao meli hutangaza jina lake na mahali ilipo. Isiyolingana na tangazo lolote huangaliwa zaidi, lakini haihukumiwi: huenda kifaa chake cha AIS kimeharibika, au punje yenyewe ni nguzo ya mtambo wa upepo. Tena kwenye picha ya rada meli inayotembea huonekana imesogezwa, kiasi kwamba mara nyingine hutokea mamia ya mita pembeni ya mkondo wa povu inaouacha nyuma yake. Ongeza hapo tofauti ya muda: meli yenye mwendo wa kilomita 28 kwa saa husogea zaidi ya kilomita 4 katika dakika 10 zinazotenganisha picha na tangazo. Sentinel-1C, iliyorushwa tarehe 5 Desemba 2024, imebeba antena yake ya AIS ili picha na jina vipatikane kwa wakati mmoja. Punje itakayobaki bila jina hata hapo hupelekwa kwa wenye ndege na boti za doria, nao ndio huenda kuitazama kwa macho.