Je, Magari ya Kisasa Yanatumia Mafuta Kidogo Kuliko ya Zamani?

Katika bondi za magari za Kampala, yaani yadi yanakouzwa magari yaliyoagizwa kutoka nje, mnunuzi hukutana na kauli mbili zinazopingana. Muuzaji humhakikishia kwamba gari la mwaka 2012, kwa kuwa ni jipya zaidi na linaongozwa na kompyuta, lazima litumie mafuta kidogo kuliko la mwaka 1995. Fundi wa gereji humwambia kinyume chake: kwamba Corolla ya miaka ya 1990, ile inayoitwa kikumi, ndiyo iliyokuwa haili mafuta, na kwamba vifaa vya elektroniki vimeongeza gharama tu. Kwa bei ya petroli ilivyo, jibu la swali hili lina uzito katika matumizi ya nyumba nyingi. Kauli zote mbili zina kosa moja: zinaichukua injini na gari kama kitu kimoja. Injini za kisasa zina ufanisi mkubwa zaidi, na hilo halina ubishi, lakini gari lenyewe nalo limebadilika, na sehemu kubwa ya akiba iliyopatikana kwenye injini imemezwa na mabadiliko hayo.

Kumbukumbu ndefu zaidi tulizo nazo zinatoka Marekani, ambako Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA, limekuwa likipima wastani wa magari mapya tangu 1975. Mwaka huo gari jipya la wastani lilikwenda kilomita 5.6 hivi kwa lita moja. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973 na sheria iliyoufuata, wastani huo ulipanda hadi kilomita 9.4 mwaka 1987. Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawalitarajii: kufikia 2004 wastani ulikuwa umeshuka hadi kilomita 8.2, ingawa miaka hiyo ndiyo kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa bila kompyuta, ilipoondoka, injekta zinazonyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta zikaingia, na vali za kila silinda, yaani milango ya hewa na moshi, zikaongezeka kutoka mbili hadi nne. Miaka kumi baadaye, 2014, ulikuwa umefika 10.2. Kwa hiyo anayesema kwamba kila mwaka mpya huleta gari lenye matumizi madogo zaidi anakosea kwa kipindi cha miaka kumi na saba mfululizo.

Maendeleo hayo yalikwenda wapi? Mwanauchumi Christopher Knittel aliyachambua magari yaliyouzwa Marekani kati ya 1980 na 2006, akaonyesha kwamba nguvu za injini zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu na uzito kwa takribani robo, huku umbali kwa lita ukiongezeka kwa asilimia 15 tu. Kama uzito na nguvu vingebaki kama vilivyokuwa mwaka 1980, alikadiria, umbali huo ungeweza kuongezeka kwa karibu asilimia 60. Ufundi ulikuwepo, ulitumika kulisukuma gari kubwa zaidi, na kwa kasi zaidi. Hizo ni takwimu za Marekani, ambako watu wanapenda magari makubwa, na hazipaswi kuhamishwa jinsi zilivyo hadi kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani na kuletwa kwetu. Mwelekeo wa uzito, hata hivyo, unaonekana huko pia. Corolla ya kwanza ya mwaka 1966 ilikuwa na kilo 700 na kidogo. Corolla za leo zimefika kilo 1,300 au zaidi.

Uzito huo haukuongezwa bure. Ndani yake mna mihimili ya chuma milangoni, mifuko ya hewa, breki bora na kiyoyozi, na mtu aliyenusurika katika ajali kwa sababu ya vitu hivyo hatauliza vilikunywa petroli kiasi gani. Lakini gharama yake inahesabika. Gari la kilo 800 linapofika mwendo wa kilomita 50 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 77 hivi. La kilo 1,300 limebeba 125. Dereva akikanyaga breki, nishati yote hiyo inageuka kuwa joto. Ikiwa injini inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 20, kulirudisha gari zito kwenye mwendo ule kunahitaji mililita 20 hivi za petroli, na lile jepesi mililita 12. Katika mji kama Kampala, ambako gari huondoka na kusimama tena na tena kutoka taa hadi taa, tofauti hiyo hurudiwa mchana kutwa.

Hapa ndipo dhana ya fundi inapohitaji kurekebishwa kwa makini, kwa sababu nusu yake ni kweli. Gari dogo la zamani kweli linaweza kutumia mafuta kidogo kuliko gari kubwa la kisasa, ila sifa hiyo ni ya wepesi wake, wala haitokani na kabureta. Kabureta hupima petroli kwa mvuto wa hewa inayopita, bila kujua hewa hiyo ni nzito au nyepesi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa takribani asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani, ikiletwa Kampala, huchanganya petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Kabale, karibu mita 2,000, huzidisha zaidi. Injini ya injekta hupima hewa inayoingia, kisha sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi hukagua matokeo na kuiambia kompyuta ipunguze au iongeze. Ukichukua magari mawili yenye uzito sawa na injini za ukubwa sawa, moja la kabureta na moja la injekta, yote yakiwa mazima, sioni namna ambayo la kabureta lingeshinda katika milima yetu.

Mazoea ya kabureta yameacha pia imani nyingine, ambayo madereva wengi bado wanaifuata: kwamba kuteremka mlima gia ikiwa nyutro huokoa mafuta. Kwa kabureta imani hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu injini iliyozungushwa na magurudumu iliendelea kuvuta petroli hata mguu ukiwa umeondolewa. Katika injini ya injekta hali imegeuka. Gari likiteremka ndani ya gia na mguu haugusi mafuta, kompyuta huzifunga injekta kabisa, kwani magurudumu yanatosha kuizungusha injini. Matumizi huwa sifuri mpaka mizunguko ya injini ishuke karibu na ile ya gari lililosimama huku injini ikiunguruma. Ukiweka nyutro, magurudumu hayaizungushi tena, hivyo lazima petroli ichomwe ili isizime, kwa kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa saa. Kwenye mteremko mdogo sana nyutro inaweza bado kusaidia kidogo, kwa vile gari husafiri mbali zaidi bila kuzuiwa na injini. Kwenye miteremko ya Kanaba kuelekea Kisoro, ambako dereva angelazimika kushika breki kwa vyovyote, gia huokoa mafuta na kuzuia breki zisiungue.

Kuna sababu nyingine inayofanya nguvu nyingi za injini ziwe ghali hata zisipotumiwa, na ndiyo inayostahili kuelezwa polepole. Injini ya petroli inahitaji takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta, na mtambo wa kusafisha moshi haufanyi kazi vizuri nje ya uwiano huo. Kwa hiyo dereva anapotaka nguvu kidogo, haitoshi kupunguza petroli. Lazima hewa nayo ipunguzwe, na kazi hiyo hufanywa na kibao kinachoziba njia ya hewa. Wafikirie wanywaji wa ajoni, pombe ya kienyeji, kule Teso, waliozunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija ukiwa wazi, kinywaji hupanda kwa urahisi. Ukiubana kwa vidole, mashavu huvuta kwa nguvu zaidi na kinachofika mdomoni ni kidogo. Pistoni ziko katika hali hiyo: zinaposhuka zinavuta hewa kupitia njia iliyobanwa, na nguvu ya kuvuta inalipiwa na petroli ileile iliyokusudiwa kulisukuma gari. Kadiri mvutaji alivyo na mapafu makubwa kuliko kiasi anachotakiwa kunywa, ndivyo mrija unavyolazimika kubanwa zaidi.

Gari dogo linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare linahitaji nguvu farasi kumi na kitu tu, lakini injini yake inaweza kutoa 110, na ya gari kubwa 200 au zaidi. Njia ya hewa inakuwa imebanwa karibu muda wote. Ndiyo maana injini ambayo katika hali yake bora hugeuza asilimia 35 ya nishati ya petroli kuwa kazi inaweza kushuka chini ya asilimia 20 ikiwa mjini. Dizeli haina tatizo hili kwa kiasi hicho, kwa sababu nguvu yake hupunguzwa kwa kupunguza mafuta pekee huku hewa ikiingia bila kizuizi. Na hapa mwinuko wetu, uliokuwa adui wa kabureta, hutusaidia kidogo: hewa ikiwa nyepesi, kibao hufunguliwa zaidi ili kupata nguvu ileile, na upinzani wa hewa dhidi ya gari barabarani nao hupungua.

Wahandisi wamelishambulia tatizo hilo kwa njia kadhaa: vali zinazobadilisha muda wa kufunguka, injini ndogo yenye turbo, yaani pampu inayosukumia hewa ndani ya injini, na gia nyingi zaidi. Njia iliyofaulu zaidi mjini ni ile ya haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Injini huzimwa kabisa wakati nguvu inayohitajika ni ndogo, mota ya umeme hushika kazi hiyo, na sehemu ya nishati ya breki hurudishwa kwenye betri badala ya kupotea kama joto. Injini ya Prius iliyotoka mwishoni mwa 2015 ilifikia ufanisi wa asilimia 40 katika hali yake bora. Kwa msongamano wa Kampala, huu ndio usasa unaoonekana wazi kwenye risiti ya kituo cha mafuta, mradi betri iwe bado nzima.

Takwimu za watengenezaji zichukuliwe kwa tahadhari. Magari yanayotujia kutoka Japani yalipimwa maabara, kwanza kwa kipimo kilichoitwa 10-15, baadaye JC08, na kuanzia 2018 kwa kipimo kipya kilicho karibu zaidi na hali halisi. Kilomita 20 za kipimo kimoja si sawa na 20 za kingine. Huko Ulaya, shirika la utafiti la ICCT lilionyesha kwamba pengo kati ya maabara na barabara lilikua kutoka asilimia 9 hivi mwaka 2001 hadi zaidi ya 40 kufikia 2015. Sehemu ya maendeleo ya miaka hiyo, basi, ilipatikana kwenye karatasi tu.

Halafu iko hali ya gari lenyewe. Sheria ya Uganda ya 2018 ilikataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini gari la miaka 14 limeshazeeka vya kutosha kuwa na sensa ya oksijeni iliyochoka, na sensa ikichoka kompyuta huchanganya mafuta kwa kubahatisha. Baya zaidi ni mazoea ya kung'oa thermostati kwa madai kwamba nchi za joto haziihitaji. Kifaa hicho huzuia maji ya kupozea yasizunguke kupitia rejeta mpaka yafikie nyuzi 80 na kitu. Kikiondolewa, injini huchelewa kupata joto, na katika safari fupi za asubuhi huenda isilipate kabisa. Kompyuta, ikidhani gari limewashwa sasa hivi, huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya kwa injini baridi. Mnunuzi anayelinganisha magari mawili katika bondi anaweza kuanza kwa kuuliza mambo matatu kabla ya mwaka wa kutengenezwa: lina kilo ngapi, injini yake ina ukubwa gani, na kama thermostati bado iko mahali pake.