Hermeto Pascoal: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Muziki Wake

Hermeto Pascoal, mwanamuziki wa Brazili aliyefariki dunia jijini Rio de Janeiro tarehe 13 Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 89, anajulikana na wengi kwa picha moja tu: mzee mwenye nywele na ndevu ndefu nyeupe, kofia kichwani, anayepuliza birika lenye maji mbele ya umati unaoshangilia. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imezaa imani kadhaa ambazo zimefunika kazi ya mmoja wa watunzi wenye nidhamu kubwa zaidi katika muziki wa karne iliyopita, na ni haki yake zichunguzwe moja baada ya nyingine.

Imani ya kwanza, iliyoenea kuliko zote, ni kwamba alikuwa mtumbuizaji aliyegonga na kupuliza chochote kilichokuwa karibu ili kuwashangaza watazamaji. Ukweli unaanzia utotoni mwake. Alizaliwa tarehe 22 Juni 1936 huko Lagoa da Canoa, katika jimbo la Alagoas, Kaskazini-Mashariki mwa Brazili, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na umeme. Babu yake alikuwa mhunzi, na mtoto huyo aliokota mabaki ya chuma, akayatundika kwenye kamba na kuyagonga ili asikie kila kipande kinatoa sauti gani. Akachonga filimbi kutokana na vikonyo vya majani ya boga, akawapigia ndege. Kisha akajifunza mwenyewe kodiani ndogo ya baba yake. Tangu hapo aliamini kwamba kila kinachotoa sauti kina lahani yake, na kwamba kazi ya mwanamuziki ni kuisikia lahani hiyo kwa usahihi na kuitafutia upatanifu, yaani sauti nyingine zinazoambatana nayo.

Jambo hilo linasikika wazi katika kile alichokiita sauti ya aura. Katika albamu yake ya mwaka 1984 alichukua sauti za watangazaji wa mpira wa redioni, Osmar Santos na José Carlos Araújo, akasikiliza kila silabi inapanda au kushuka kiasi gani, kisha akaipigia nota zake halisi pamoja na upatanifu unaoifuata hatua kwa hatua. Mwaka 1992 alifanya hivyo hivyo kwa sauti ya Rais wa Brazili, Fernando Collor. Msikilizaji anayedhani huo ni mzaha na ajaribu kuandika nota za sentensi tano tu za mtangazaji wa kandanda anayeelekea kwenye goli, ndipo atakapotambua sikio la namna gani linahitajika. Hata nguruwe hai wanaosikika katika albamu ya Slaves Mass ya mwaka 1977 hawakuwekwa humo ili kuchekesha, kwani vilio vyao vimewekwa ndani ya utunzi wenye jina la misa ya watumwa, na anayeusikiliza wote hawezi kukosa kuhisi uzito wake.

Wapo pia wanaoamini kwamba aliyemwibua ni Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi wa Marekani. Kwa kweli, Hermeto alipofika Marekani alikuwa na takriban miaka 20 ya kazi nyuma yake. Alipokuwa kijana huko Recife alipiga kodiani redioni pamoja na mpiga kodiani mwenzake, Sivuca. Akahamia Rio de Janeiro, kisha São Paulo, ambako katika miaka ya 1960 aliunda kundi la Quarteto Novo pamoja na Airto Moreira, Heraldo do Monte na Théo de Barros. Albamu yao ya mwaka 1967 ilichukua midundo ya baião na lahani za Kaskazini-Mashariki na kuzijenga kwa uhuru ambao wanamuziki wa Brazili wanaendelea kuuchambua hadi leo. Airto ndiye aliyemkutanisha na Davis, na mnamo Juni 1970 wakarekodi jijini New York vipande vilivyotoka katika albamu ya Live-Evil. Hapo ndipo penye jambo ambalo mashabiki wengi wa jazi hawalifahamu: Little Church, Nem Um Talvez na Selim ni tungo za Hermeto, ingawa jalada la kwanza lilimtaja Davis kuwa mtunzi. Kwa maoni yangu, anayesema Davis alimpa Hermeto jina anapaswa kueleza pia kilichochukuliwa kutoka kwake.

Kumwita mwanajazi tu nako hakutoshi. Ndani ya muziki wake mna mitindo ya Brazili kama baião, forró, frevo, maracatu na choro, na kodiani ya vijijini inasikika hata pale anapopiga piano, filimbi, saksafoni au melodika. Mwenyewe aliuita muziki wa ulimwengu, yaani muziki usiokubali kufungiwa katika mtindo mmoja.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile inayosema kwamba hakujua nota na kwamba kila kitu kilibuniwa papo hapo jukwaani. Ni kweli hakupitia shule ya muziki, na alijifunza kuandika nota akiwa mtu mzima tayari. Lakini kuanzia tarehe 23 Juni 1996 hadi 22 Juni 1997 alitunga utunzi mmoja kila siku, akiuandika kwa mkono, na kuongeza mmoja kwa ajili ya tarehe 29 Februari ili kila mwanadamu apate utunzi wa siku yake ya kuzaliwa. Jumla ni tungo 366, zilizochapishwa katika kitabu kiitwacho Calendário do Som, yaani Kalenda ya Sauti. Kundi lake la miaka ya 1980, lenye Itiberê Zwarg kwenye besi, Jovino Santos Neto kwenye piano, Márcio Bahia kwenye ngoma na Carlos Malta kwenye saksafoni na filimbi, lilifanya mazoezi nyumbani kwake katika mtaa wa Jabour, Rio de Janeiro, kwa saa nyingi karibu kila siku, na mara nyingi lilipiga utunzi ambao wino wake ulikuwa haujakauka. Uhuru unaosikika jukwaani ulitokana na mazoezi hayo.

Hermeto alikuwa na ualbino, na kuhusu hali hiyo, ambayo kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni suala lenye uzito wa pekee, yapo maneno ya kusahihisha. Wabrazili walimpa jina la utani la Bruxo, yaani mchawi, kwa kustaajabia ufundi wake. Halihusiani hata kidogo na rangi ya ngozi yake, na kipaji chake hakikutokana na ualbino. Kilichotokea ni kwamba jua lilimzuia kufanya kazi shambani na wenzake, naye akautumia muda huo kivulini, siku nzima, akiwa na kodiani.

Mwisho, husemwa kwamba alikuwa wa namna yake kiasi kwamba hakuacha warithi. Jovino alihamia Seattle, akafundisha na kuendeleza tungo zake huko. Itiberê aliunda jijini Rio de Janeiro okestra ya vijana waliofundishwa kwa njia ya Hermeto, wakisikia kwanza na kuandika baadaye. Vyuo viwili vya muziki vya Marekani, New England Conservatory na Juilliard, vilimtunuku shahada za heshima. Na mwaka 2008 aliandika kwa mkono wake tamko la kuwaruhusu wanamuziki wa Brazili na wa dunia nzima kurekodi tungo za albamu zake, hivyo anayetaka kuzipiga leo ruhusa anayo kutoka kwa mtunzi mwenyewe.