Tangazo la meno mtandaoni: maswali kabla ya kuweka miadi

Daktari wa meno kujitangaza mtandaoni, si kosa?

Kujitangaza kwenyewe si kosa katika nchi nyingi. Anaweza kutaja jina lake, usajili wake, huduma anazotoa na saa za kazi. Kinachokatazwa karibu kila mahali ni kudanganya, kujiita bingwa wa fani ambayo hakuisomea, na kuahidi matokeo. Zipo nchi zinazobana zaidi ya hapo, kwa hiyo neno la mwisho ni la baraza linalosajili madaktari wa meno nchini kwako.

Ugomvi huu umeanza kabla ya simu. Edgar Parker, daktari wa meno mzaliwa wa Kanada, alikuwa aking'oa watu meno hadharani huko Marekani huku bendi ikipiga, shingoni kavaa mkufu wa meno 357 aliyodai kuyang'oa kwa siku moja. Alijinadi kwa jina la "Painless", yaani asiyeumiza. Alipobanwa California kwa kutumia jina lisilo lake, mwaka 1915 alikwenda kulibadili kisheria akawa Painless Parker. Sheria ikaridhika. Bendi nayo, inasimuliwa, ilikuwa ya kufunika mayowe.

Picha za "kabla na baada" ni za mtu halisi na hazina filta. Zitadanganyaje?

Tuchukue kung'arisha meno. Mashavu huvutwa kwa kifaa cha plastiki, mate hufyonzwa, meno hukaa makavu kwa muda mrefu wakati dawa inafanya kazi. Jino likikauka, maji hutoka kwenye enameli, lile gamba gumu la nje, na mwanga hurudi kwa wingi badala ya kupenya. Kwa hiyo jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo, hata lisipopakwa dawa yoyote. Mate yakirudi, kwa siku moja au mbili sehemu ya weupe ule huondoka. Sasa jiulize picha ya "baada" ilipigwa lini. Mara nyingi ni mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Haikuhaririwa hata kidogo, na bado inakuuzia rangi ambayo mwenye meno hakuamka nayo kesho kutwa.

Mengine ni madogo, lakini yanajumlishika: picha ya kwanza kwenye kivuli, ya pili mbele ya taa, midomo mikavu, kisha imepakwa rangi nyekundu inayofanya meno yang'ae, ya kwanza ina ukoga ambao kusafishwa tu kungeuondoa. Na wale ambao tiba haikuwaendea vizuri hawapigwi picha.

Ndiyo maana Japani, tangu Juni 2018, sheria ya matangazo ya tiba inagusa hata tovuti, na picha za kabla na baada haziruhusiwi bila maelezo ya tiba yenyewe, gharama na hatari zake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kizuri cha tangazo lolote: picha bila maelezo ni pambo.

"Vinia siku moja, bila maumivu, tabasamu la maisha." Kasoro iko wapi?

Kwenye neno "maisha", kwanza. Vinia ni ganda jembamba linalogandishwa mbele ya jino. Kwa kawaida jino huparuzwa kidogo ili ganda likae, pengine nusu milimita. Ni kidogo, lakini enameli haioti tena. Ganda likichakaa au kupasuka baada ya miaka kadhaa, litabadilishwa, na litabadilishwa tena. Aliyeanza akiwa na miaka 22 amejiwekea miadi ya uzeeni.

Pili, jina. Zipo video za vijana wakionyesha kwa furaha meno yao yaliyochongwa yakabaki kama vigingi, wakisema wanawekewa vinia. Jino lililochongwa pande zote hivyo linasubiri kofia, yaani gamba linalofunika jino zima, na hiyo ni kazi nyingine. Neva iliyo ndani ya jino inaweza kufa baadaye, ikabidi mzizi utibiwe. Tangazo linaloita kofia "vinia" limekunyima habari uliyohitaji kuliko zote.

Kuhusu maumivu: ganzi inasaidia sana, lakini hakuna daktari anayeweza kukuahidi hivyo kabla hajakuona kinywa.

Mtu maarufu ninayemfuata anasema alitibiwa pale na ameridhika. Nimwamini?

Muulize kama alilipa. Kutibiwa bure ni malipo, na Marekani kwa mfano humtaka aseme wazi. Tangu Oktoba 2024 kuna hata kanuni inayokataza maoni ya kughushi. Usisahau pia wasioonekana. Kampuni ya SmileDirectClub, iliyouza vifaa vya kunyoosha meno kwa posta, ilikuwa ikiwafunga midomo kwa mkataba wateja waliorudishiwa fedha. Mwaka 2023 ilikubali kuwafungulia maelfu yao, na Desemba mwaka huohuo ikafunga shughuli wengine wakiwa katikati ya matibabu.

Saluni ya urembo inaweza kung'arisha meno?

Uingereza, hapana: mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema hiyo ni kazi ya taaluma ya meno. Katika Umoja wa Ulaya, dawa yenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 huuzwa kwa madaktari wa meno pekee, na haitumiwi kwa walio chini ya miaka 18. Dawa ikivujia kwenye fizi huziunguza, na jino lenye tundu halifai kung'arishwa kabla halijazibwa.

Nimekuta picha ya kinywa changu kwenye ukurasa wa kliniki. Macho yamefichwa. Wana haki?

Kufunika macho hakutoshi. Ndugu zako watakujua kwa pengo lako. Kukubali kutibiwa si kukubali kutangazwa. Ridhaa ya picha huombwa peke yake, kwa maandishi, ikitaja itawekwa wapi, na kukataa kusikupunguzie huduma. Kuiomba mgonjwa akiwa na sindano ya ganzi mdomoni ni kumvizia.

Siri ya matibabu inalindwa hata mgonjwa mwenyewe akianza kusema. Mwaka 2019 kliniki moja ya meno mjini Dallas, Marekani, ililipa dola 10,000 baada ya kujibu maoni ya mgonjwa mtandaoni kwa kutaja jina lake la ukoo na habari za afya yake.

Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa na tarehe, kisha waandikie waiondoe. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa baraza la taaluma au mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi. Ikiwa picha ni ya mtoto wako, usisubiri jibu lao: iripoti kwa mtandao wenyewe siku hiyohiyo, maana wengine wanaweza kuwa wameshaipakua.