Chembe nyeupe tele, kinga haba: kusoma majibu ya damu katika lukemia sugu ya limfosaiti

Lukemia sugu ya limfosaiti ni saratani ya damu inayozidisha limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za kinga. Mgonjwa akipewa karatasi ya hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu, jicho hukimbilia idadi ya chembe nyeupe. Iko 60,000 kwa mikrolita, basi jamaa hushtuka, au hujipa moyo kwamba kinga imezidi. Ukweli ni kinyume. Limfosaiti za lukemia hii hujaa tele, lakini hazitengenezi kingamwili za kutosha na huzizuia limfosaiti nzima kufanya kazi yake. Tena idadi hiyo peke yake haiamui hata siku ya kuanza dawa.

Ugonjwa huthibitishwa limfosaiti B, zile za ukoo wa kutengeneza kingamwili, zikifika 5,000 au zaidi kwa mikrolita na kubaki hivyo miezi 3, pamoja na flosaitometria, kipimo cha kuchunguza chembe mojamoja, kinachotafuta juu yake alama za CD5, CD19, CD20 na CD23. Huku Lamu na Malindi hatua hii isirukwe. Malaria ya kujirudia huweza kuvimbisha wengu mpaka ukashikika chini ya kitovu na kupandisha limfosaiti vilevile. Tofauti huonekana kwenye kingamwili: wengu wa malaria huja na IgM, aina moja ya kingamwili, ya juu mno, ilhali kwenye lukemia kingamwili kwa kawaida hushuka.

Kipimo kinachosahauliwa zaidi ni cha IgG, aina nyingine ya kingamwili. Kwa mtu mzima huwa takriban gramu 7 hadi 16 kwa lita. Ipimwe mara tu ugonjwa unapogunduliwa, isingojewe kichomi cha tatu. Ikiwa chini ya 4 au 5, na mgonjwa anarudiwa na kichomi au maambukizi mengine makali ya bakteria, daktari huweza kuamua aongezewe IgG kwa mshipa: gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3 hadi 4. Mwenye kilo 60 hupata gramu 24. IgG ndogo bila maambukizi kwa kawaida haihitaji dripu hiyo, nayo ni ghali.

Kinga hii iliyovurugika huweza pia kugeukia chembe nyekundu na kuzivunja. Hemoglobini hushuka kwa siku chache, macho huwa manjano, mkojo hukoza kama chai ya mkandaa, na nyumbani watu husema ni malaria imerudi. Omba kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, kinachotafuta kingamwili zilizonata kwenye chembe nyekundu, pamoja na retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, na LDH na bilirubini, ambazo hupanda chembe zikivunjika. Damu ikivunjwa, Coombs huwa chanya na retikulosaiti kwa kawaida hupanda. Uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, ukiwa umejaa lukemia, retikulosaiti huwa chache. Tofauti hiyo ni kubwa: mgonjwa wa kwanza huanzishiwa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga, wa pili hutibiwa lukemia yenyewe. Vidonge vya madini ya chuma havimtibu yeyote kati yao.

Sampuli nazo huharibika njiani. Ya flosaitometria huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, husafirishwa bila barafu wala friji, na ifike maabara ndani ya saa 48. Basi damu isitolewe Lamu Ijumaa jioni kama huko iendako hakuna wa kuipokea hadi Jumatatu. Chembe za lukemia ni laini. Zikitikiswa kwenye boti hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha barabarani, hupasuka na kumwaga potasiamu ndani ya chupa. Majibu yakija potasiamu 7, yaani juu mno, na mgonjwa hana dalili, apimwe umeme wa moyo kwa ECG papo hapo na damu mpya ipimwe palepale bila kusafirishwa, kabla ya kuanza kuishusha potasiamu.

Homa ikifika 38, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo. Apimwe malaria, ndiyo, lakini hata ikipatikana, maambukizi ya bakteria yatafutwe pia. Chanjo za mafua na za nimonia azipate. Zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, asichomwe, na hilo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.