Programu ikishapanda kwenye RAM, daftari lake hubaki wapi?

Programu ikianguka, dibaga (programu ya kutafutia makosa) kama GDB inaweza kukuambia kosa liko faili gani, mstari wa ngapi, ndani ya fankisheni ipi. Lakini msimbo unaokimbia ndani ya RAM ni baiti tupu, hauna mistari. Je, wajua taarifa hizo hutoka wapi?

Kwa miaka kadhaa nilijibu swali hili vibaya, na nikawafundisha wenzangu vibaya pia. Niliamini kwamba faili la programu huingia kwenye RAM lote, kichwa hadi miguu, na taarifa za kudibagi zikiwemo. Nilikesha usiku mmoja hapa Dodoma nikipekua memori ya programu iliyokuwa inakimbia, natafuta sehemu inayobeba taarifa hizo, iitwayo .debug_info. Sikuiona. Faili lilikuwa nayo kwenye diski, nililikagua mara tatu, ila kwenye RAM haikuwahi kufika.

Sababu ni kwamba kwenye Linux faili la programu, lenye muundo wa ELF, hubeba orodha mbili. Moja hutaja kila sehemu kwa jina, na wanaoitumia ni viunganishi (zana zinazounganisha vipande vya msimbo kuwa programu moja) na dibaga. Nyingine husomwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, programu inapoanzishwa, nayo husema tu vipande gani vipandishwe na vikae wapi. Taarifa za kudibagi, zinazoandikwa kwa muundo wa DWARF, hazimo katika hiyo ya pili.

Mfikirie mkulima wa Kongwa anayepeleka mahindi soko la Kibaigwa. Nyumbani ana daftari: gunia la 1 hadi la 9 yametoka shamba la bondeni, la 10 hadi la 30 yametoka kando ya mbuyu. Lori likija, utingo anapewa karatasi iliyoandikwa magunia 30. Daftari halikutajwa, basi linabaki nyumbani, na lori linafika salama bila kujua gunia lipi ni la shamba lipi. Sokoni mnunuzi anakuta gunia moja lina dumuzi, anauliza limevunwa wapi. Apekue lori mpaka jioni, jibu halimo. Lazima ipigwe simu nyumbani, daftari lifunguliwe.

Hata simu ikipigwa, bado kuna hesabu. Lori lilikuwa limeshapakia magunia 200 ya wakulima wengine, kwa hiyo gunia lenye dumuzi ni la 217 kwa hesabu ya lori. Daftari halina 217. Ukitoa 200 unapata 17, la kando ya mbuyu. Kerneli nayo huzipandisha programu nyingi za siku hizi mahali tofauti kila zinapoanzishwa, kwa makusudi, ili mshambuliaji asiweze kukisia anwani, yaani namba ya mahali kwenye memori. Faili la /proc/PID/maps (PID ni namba ya programu inayokimbia) huonyesha programu imeanzia wapi. Kosa likiwa kwenye 0x55d0c3a01a40 na programu imeanzia 0x55d0c3a00000, toa: unabaki na 0x1a40. Hiyo ndiyo namba ambayo DWARF inaifahamu.

Na daftari liwe la msimu uleule. Kiunganishi kinaweza kugonga kitambulisho ndani ya programu, mara nyingi cha baiti 20, na hicho hupanda RAM. Faili la kudibagi lililotengwa hubeba kitambulisho hichohicho, na tangu 2019 mradi wa elfutils una seva ya debuginfod: unaipa kitambulisho, inakurudishia taarifa zake. Nalisisitiza hili kwa sababu programu ikisasishwa huku ya zamani bado inakimbia, faili lililoko diskini si lile tena. Kwenye maps utaona neno "(deleted)". Soma /proc/PID/exe, ambayo bado inaelekeza kwenye faili la zamani. Ukisoma jipya utapewa mistari inayoonekana sahihi kabisa, nayo ni ya uongo.

Si kila kitu hubaki nyumbani. Sehemu ya .eh_frame hupanda, kwa kuwa lugha ya C++ huihitaji kurudi nyuma fankisheni kwa fankisheni hitilafu inaporushwa. Programu za lugha ya Go hupanda na jedwali lao la mistari, ndiyo maana hutaja mstari wa kosa zenyewe hata DWARF ikiwa imeondolewa.

Kinachonivutia kuliko vyote ni msimbo unaozaliwa ndani ya RAM, usio na faili lolote diskini. Kwa huo GDB ina makubaliano maalumu: programu hujitengenezea ELF ndogo kwenye memori, yenye DWARF yake, kisha huita fankisheni tupu iitwayo __jit_debug_register_code. GDB huwa imetega hapo. Ikiitwa tu, husoma ELF hiyo moja kwa moja kutoka kwenye memori. Hapo .debug_info niliyoikeshea usiku ule imo kwenye RAM kweli, kwa sababu programu yenyewe imeiweka.