Pampu ya hewa ya ekzosi: ni nini, na kwa nini hulia asubuhi tu

"Fundi, nikiliwasha asubuhi linavuma na kukwaruza. Nikifika kwako limenyamaza." Fundi analiacha gari gereji Ngamiani, Tanga, mchana kutwa, analiwasha na kulizima, hasikii kitu. Mwenyewe analichukua jioni, na kesho alfajiri kelele ni ileile. Kama gari lenyewe ni la spoti, tuseme Mazda RX-8, Audi TT au Porsche Boxster, cha kwanza kukishuku ni pampu ya hewa ya ekzosi.

Pampu hii ni mota ya umeme yenye feni ndani. Inavuta hewa safi ya nje na kuisukuma kwenye ekzosi, karibu kabisa na pale moshi unapotokea injini. Kwa nini moshi upelekewe hewa? Injini baridi huongezewa petroli ili iwake vizuri, na sehemu ya petroli hiyo hutoka bila kuungua. Masega, ambayo kazi yake ni kusafisha moshi, bado hayawezi kitu: yanahitaji joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi ndipo yaanze kazi. Hewa inayosukumwa na pampu ina oksijeni, na oksijeni hiyo inamalizia kuunguza mafuta ndani ya bomba lenyewe. Haidrokaboni na kaboni monoksidi zinapungua, na moto huo unayapasha masega haraka. Baada ya dakika moja hivi, pungufu au zaidi kidogo kutegemea gari, kompyuta inakata umeme na pampu inalala hadi injini ipoe tena. Ndiyo maana gari likifika gereji halina la kusema.

Mtu wa Tanga anaweza kuuliza: baridi gani hiyo, wakati wa kaskazi tunaamka na jasho? Kompyuta haiangalii jasho letu, inasoma joto la maji ya rejeta. Injini ikishika kazi maji hayo hufika nyuzi 80 hadi 90, kwa hiyo iliyolala usiku kucha kwenye nyuzi 26 kwa hesabu yake ni baridi. Pampu itafanya kazi Raskazone mwezi wa Januari kama kawaida.

Kifaa chenyewe si kigeni. Magari ya mwaka 1966 yaliyouzwa California, Marekani, yalianza kuwa na pampu ya namna hii, ikizungushwa kwa mkanda. Mazda waliing'ang'ania kuliko wengi, kwa sababu injini yao ya rota, isiyo na pistoni za kawaida, huacha mafuta mengi bila kuungua. RX-7 ilikuwa na pampu ya mkanda. RX-8, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, ina ya umeme. Tofauti hiyo ina maana kwa anayetafuta kelele. Sauti ya pampu ya mkanda hupanda na kushuka na mzunguko wa injini. Ya umeme haijali mguu wako: kanyaga mafuta au acha, mvumo ni uleule.

Basi kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Acha gari lilale. Asubuhi fungua boneti, mtu mwingine awashe, wewe sikiliza. Pampu nzima ina mvumo laini, kama mashine ya kukaushia nywele saluni, kisha inakata ghafla. Mvumo huo si ugonjwa, na wapo wanaolipia matengenezo ya gari zima kwa ajili yake. Ugonjwa una sauti nyingine. Mluzi mkali unaozidi wiki hadi wiki ni beringi za mota. Mkwaruzo wa kokoto ni feni inayogusa kasha lake, au vipande vya sponji ya chujio iliyooza na kuingia ndani. Bodi nzima ikitetemeka huku pampu yenyewe inasikika safi, tazama raba zinazoishikilia. Mara nyingi zimekatika, na hapo umeponea kwa bei ya raba. Kelele ikiendelea baada ya dakika tano, injini ikiwa ya moto, iache pampu ya umeme kabisa na uhamie kwenye alteneta, pampu ya maji na puli. Isipokuwa kama mvumo unaendelea hata ukizima gari: hapo rilei, yaani swichi inayoipa pampu umeme, imeganda, na inafaa ichomolewe upesi kabla mota haijaungua au betri haijaisha.

Kuthibitisha, chomoa soketi ya umeme ya pampu, acha gari lilale tena, kisha uwashe. Kelele ikipotea, umempata. Taa ya cheki injini inaweza kuwaka baadaye kwa sababu ya kuchomoa huko, usishtuke. Njia ya haraka ni kuipa pampu umeme wa betri moja kwa moja, injini imezimwa, kwa sekunde chache tu: waya mnene wenye fyuzi, chanya kwa chanya. Utaisikia peke yake, bila injini kukuchanganya.

Mashine ya kupimia kompyuta ya gari ikitoa namba za kasoro P0410, P0411, P0491 au P0492, inasema hewa haifiki inavyotakiwa. P0418 ni habari ya umeme wa rilei. Hakuna kati ya hizo inayosema "nunua pampu", ingawa ndivyo zinavyosomwa gereji nyingi.

Na hapa ndipo pesa zinapopotea. Kati ya pampu na ekzosi kuna valvu inayopitisha hewa kuelekea ekzosi na kuzuia moshi usirudi. Valvu hiyo ikichoka, moshi unarudi kwenye mpira hadi kwenye pampu, na moshi una maji: lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji, yakiwa mvuke. Mvuke ukikuta pampu iliyopoa unageuka matone, matone yanageuka kutu, kutu inakula beringi. Tanga inauongezea ugonjwa huu nguvu, maana mji ni mdogo. Kutoka Chumbageni hadi sokoni na kurudi, ekzosi haijapata joto la kukausha unyevu wake. Gari linalokwenda safari ndefu ya Segera mara kwa mara lina nafuu.

Kwa hiyo kabla ya kulaani pampu, vua mpira wake. Ukikuta maji, masizi au kutu ya unga, valvu inavuja. Ivue, puliza kwa mdomo upande unaoelekea ekzosi: ikiwa imefungwa, pumzi isipite. Ikipita, badilisha valvu pamoja na pampu, la sivyo pampu mpya itakwenda njia ya ile ya zamani. Valvu ikiwa inafunguliwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, kagua na vile vipira vyembamba, kwa kuwa joto huvipasua.

Wengine huchomoa soketi na kuendelea na maisha. Gari litatembea, nguvu haitapungua, ila asubuhi litanuka petroli na taa itabaki inawaka. Taa hiyo ndiyo inayonikera: siku kasoro nyingine ikija, hakuna atakayejua. Kama masega yalishang'olewa zamani, sioni haja ya kununua pampu ya bei kubwa. Kama bado yapo, tengeneza.

Ukichukua pampu ya mtumba, itikise kwanza usikie kama kuna maji au vipande ndani, kisha mwambie muuzaji aiunganishe na betri mbele yako. Ukikuta masizi kwenye tundu la kutokea hewa, mrudishie.