Gari la Marehemu Baba: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Marehemu babangu alituachia Land Rover Series III, pikapu ya petroli yenye bodi ndefu. Tangu nipate akili nililiona likibeba samaki kutoka Ngomeni kuja Malindi mjini. Alipofariki, gari likakaa miaka sita chini ya mkwaju uani kwetu Maweni, kuku wakitagia ndani. Tangu nianze kulifufua, kila anayepita ana neno. Wengi wananitakia heri, nawashukuru. Lakini baadhi ya maneno hayo yameshawaharibia watu magari ya wazazi wao, na moja limeniumiza mimi mwenyewe.

"Land Rover ni aluminiamu, haliozi"

Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Land Rover la kwanza lilionyeshwa mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Vikuu vya Pili, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Lakini chesisi, ule uti wa mgongo unaobeba gari zima, ni chuma. Ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Na chesisi yake ni kama sanduku refu, mabati yaliyochomelewa pamoja, ndani tupu. Maji yakiingia, na vile vitundu vya kuyatoa vikawa vimezibwa na matope, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukichungulia chini unaona rangi nyeusi safi, kumbe limebaki ganda.

Mimi niliyajua hayo siku nilipolala chali chini ya gari nikiwa na nyundo ndogo, nikawa nagonga pole pole kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele kote chuma kililia ngo, ngo, ngo. Nilipofika usawa wa springi za nyuma, mlio ukafifia, kama mtu anagonga ubao mbichi. Pigo la tatu nyundo ikazama, vipande vya kutu vikanimwagikia usoni. Nilibaki pale chini kitambo. Hapo ndipo maji ya barafu ya samaki yalipokuwa yakichuruzikia, safari baada ya safari, zaidi ya miaka ishirini. Ile kazi iliyotulisha na kutusomesha ndiyo iliyokuwa ikiila chesisi.

Na aluminiamu nayo haijasalimika. Ikigusana na chuma mahali penye chumvi, yenyewe ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imetuna kandokando ya riveti na boliti, ukiikwangua unatoka unga mweupe. Sisi wa pwani tunazidisha balaa kwa kuosha magari na maji ya visima vya chumvi. Osha kwa maji matamu, na usiishie ubavuni. Ingia chini, hasa msimu wa kusi bahari inaporusha povu mpaka barabarani.

"Anza na rangi, mengine yatafuata"

Fundi wa kwanza tuliyempa kazi alijaza fila, ule ujiuji mzito wa kuziba mashimo, juu ya kutu, akapiga msasa, akapaka. Idi ile gari liling'aa, majirani wakaja kupiga picha. Haikupita miezi mingi, vipele vikatoka kila mahali. Fila hunyonya unyevu, na kutu iliyofunikwa haifi, inaendelea kula gizani. Rangi ndiyo kazi ya mwisho kabisa. Kwanza ukate mpaka ufikie chuma kizima, uchomelee kipande kipya chenye unene uleule, upake rangi ya kuzuia kutu nje na ndani ya sanduku la chesisi.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu linaweza kuua: kabla ya kuchomelea, toa betri na utoe tangi la petroli. Kwenye pikapu hii tangi liko chini ya kiti cha mbele, karibu mno na cheche. Wala usiseme "tangi ni tupu". Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

"Tia betri mpya na petroli mpya, litawaka"

Huenda likawaka, na hapo ndipo hasara inapoanza. Gari lililolala miaka lina kuta za silinda zilizokauka, pengine ringi za pistoni zimeshikana na kutu. Ukilizungusha kwa stata, chuma kinakwaruza chuma. Toa plagi, mimina mafuta kidogo ya injini kila silinda, uache siku kadhaa, kisha uzungushe kwa mkono. Bahati nzuri magari haya yana tundu la hendeli mbele. Injini yangu niliizungusha siku ya nne, ikakataa, nikaongeza mafuta. Siku ya saba ikakubali kwa ulaini. Sikumbuki furaha iliyoipita hiyo mwaka mzima.

Petroli ya zamani imwage yote, usafishe tangi na kabureta. Na kabla ya kulitoa nje ya geti, fungua breki za magurudumu yote manne. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani, silinda ndogo zinashika kutu na mipira inaoza. Gari linalowaka bila kusimama ni baya kuliko lisilowaka.

"Petroli ya siku hizi haina risasi, itaiua injini"

Kenya iliacha petroli yenye risasi, madini yaliyokuwa yakichanganywa humo, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na babangu aliliendesha gari hili miaka mingi baada ya hapo. Ni kweli risasi ilikuwa ikikinga makalio ya vali, yaani mahali vali zinapokaa zikijifunga, kwenye injini kuukuu, na ukiikimbiza sana yanaweza kulika. Basi siku utakapofungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, mwambie fundi atie makalio magumu. Yatosha.

"Serikali haitaki magari makuukuu"

Sheria ya kukataa magari yenye zaidi ya miaka 8 inahusu yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Lililokwisha kusajiliwa hapa halimo.

"Gari la baba ni la kijana wa kiume"

Hili nalisema kwa ndugu zangu wanaume, tena kwa moyo wote. Kushika ufunguo si kumiliki. Gari la marehemu ni mirathi kama shamba na nyumba. Kwetu Waislamu hutolewa kwanza gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi thuluthi; kinachobaki hugawanywa. Babu na bibi, wazazi wa baba, walikwisha kutangulia, kwa hiyo tulibaki mama, mimi na dada zangu wawili. Mama ana thumuni, yaani sehemu moja kwa nane, na mtoto wa kiume anapata fungu la wasichana wawili. Ukigawa gari mafungu 32, mama ana 4, mimi 14, dada zangu 7 kila mmoja. Maana yake zaidi ya nusu ya gari nililokuwa nikiliita langu ilikuwa yao.

Tulikwenda Mahakama ya Kadhi hapa Malindi. Wasio Waislamu hupitia mahakama za kawaida chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Bila hati ya mahakama, NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, haihamishi logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ya marehemu. Na ukitia injini nyingine wakati karatasi bado ni za baba, nambari hazitalingana na utajifungia mlango mwenyewe.

Dada zangu nimewalipa mafungu yao kwa bei tuliyokubaliana mbele ya mashahidi. Mama hakutaka pesa. "Mwanangu," aliniambia, "ule mlango wa dereva usiuguse." Kwa ndani, baba aliandika kwa brashi jina la dada mkubwa siku alipozaliwa. Chesisi iko juu ya magogo sasa, imechomelewa nusu. Mlango nimeung'oa, nimeufunika kwa shuka, umesimama ukumbini kwa mama.